Mafundo Kumi: Maisha ya Kocha Alfonce Burito, 1951–1998

Wiki hii mwezi unajaa juu ya Kibara, mitumbwi imepandishwa mchangani, na uwanja uko kimya. Wageni waliotoka mbali wajue kwamba kimya hiki si cha kawaida. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, kwa taa ya karabai. Mwezi ukijaa taa inashindwa, dagaa hawaji, na watu wanabaki nchi kavu. Kwa miaka minne wiki kama hii ilikuwa wiki ya mpira. Kuanzia saa tisa alasiri sauti moja ilisikika kutoka shuleni hadi ziwani: "Kamba imelegea! Nani kalala?" Akina mama waliokuwa wakianika dagaa waliinua vichwa wakacheka, maana hata wao walijiona wameulizwa. Wiki hii hakuna aliyeuliza.

Marehemu Alfonce Burito alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 katika kijiji cha Kiriba, Musoma Vijijini, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Burito Magesa na Mama Marieta, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Baba yake alilima mihogo na kutega nyavu. Mama yake alisimulia kwamba Alfonce alichelewa sana kutembea, hadi majirani wakaanza kumpa pole; siku alipoinuka hakutembea, alikimbia, akapita kuku, akapita mbuzi, akaangukia ndani ya beseni la mihogo iliyolowekwa.

Alianza darasa la kwanza hapo Kiriba mwaka 1959. Baadaye aliendelea na sekondari mjini Musoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1971. Alipenda jiografia na hesabu. Walimu walimkumbuka zaidi kwa jambo lingine: akiwa kiungo wa timu ya shule alikuwa anaongea uwanjani bila kupumzika, kama dalali mnadani, wakati darasani alikuwa haulizi hata ruhusa ya kutoka nje.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, huko Bunda, na mwezi huohuo akavaa jezi namba nane ya timu ya wafanyakazi, Jineri Stars. Waliomwona watakubali kwamba hakuwa na mbio wala shuti. Alichokuwa nacho ni macho. Aliupokea mpira huku akitazama kwingine, akauachia kabla beki hajamfikia, na mpira ulienda mahali ambapo hapakuwa na mtu; halafu ghafla palikuwa na mtu! Winga akishangiliwa kwa bao, Marehemu alikuwa ameshageuka anarudi katikati, anaongea. Alicheza miaka kumi na miwili. Mara tatu timu yake ilifika fainali ya mkoa mjini Musoma, na mara tatu ilirudi Bunda bila kombe. Hakuwahi kulificha hilo. Akiulizwa, alijibu, "Nimelishika mara moja. Nilikuwa namsaidia mwenye nalo kupanda gari."

Mwaka 1975 alimpenda Boke, binti wa Mzee Mniko wa Buswahili, upande wa Butiama, aliyekuja Bunda kujifunza ushonaji. Mzee Mniko alikuwa mfugaji wa kweli, na posa ilipofika hakuficha mawazo yake. "Mimi nachungaga ng'ombe wazima," aliwaambia washenga. "Huyu mnayeniletea anakimbiza kipande cha ngozi. Akikikamata anakila?" Hata hivyo alikubali kwenda Bunda kumwona akiwa kazini, na kwake kazini ilikuwa uwanjani. Alikaa juu ya gunia la mbegu za pamba, fimbo magotini, karibu na shemeji yake.

"Huyo wa namba nane anafanya nini? Hafungi, hadaki."

"Anagawa, shemeji."

"Anagawa? Basi na ng'ombe zangu atazigawa."

Mechi ilipokwisha mzee alisema maneno ambayo familia yetu huyarudia kwenye kila harusi: "Hajageuka nyuma hata mara moja, na alijua kila mmoja yuko wapi. Mchungaji ni yule. Wengine wote pale ni ng'ombe." Ndoa ilifungwa kanisani Bunda tarehe 9 Oktoba 1976. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa tusimulie habari ya viatu, maana bila viatu Marehemu asingekuwa kocha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini wote tunakumbuka hali ilivyokuwa. Sabuni ilikuwa kitu cha kupewa na ndugu. Jezi zilifuliwa kwa majani ya mpapai, mpira ulishonwa na fundi viatu hadi ukawa na umbo la kiazi, na wachezaji wa Jineri Stars walikuwa na jozi sita za viatu kwa watu kumi na mmoja. Mwaka 1983 mchezaji mmoja alipata jozi kumi na moja mpya kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Sirari. Wiki ileile ikatangazwa operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Kipa wao, Jilala, ambaye pia alikuwa mtunza vifaa, alishikwa na hofu. Alibeba viatu vyote katika gunia hadi huku Kibara, akaazima mtumbwi, akafunga jiwe, akalizamisha gunia ziwani. Ili asipoteze mahali, alifunga kamba yenye boya la mti. Akarudi Bunda akiwa na amani.

Jilala alitoka kwenye mashamba ya pamba. Hakujua jambo ambalo mtoto yeyote wa Kibara analijua. Hapa kila ukoo una alama yake, huichonga kwenye boya. Boya lisilo na alama ni la mwizi wa nyavu, na mvuvi anayelikuta analikata bila kumuuliza mtu. Hali ilipotulia na timu ikaja kuchukua mali yake, ziwa lilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa.

Ilibidi waombe msaada wa watu wa kokoro, wavu mrefu unaovutwa kwa kamba kutoka nchi kavu; enzi hizo kokoro lilikuwa bado halijapigwa marufuku. Wachezaji wote waligawanywa katika makundi mawili mchangani, mbali kwa mbali, kila kundi na kamba yake, wakavuta huku wakisogeleana. Mvuto wa kwanza ulileta magugu, na wa pili ukaleta sato wanne na sufuria. Katika mvuto wa tatu Marehemu aliiachia kamba, akasimama akitazama. Msimamizi wa wavuvi akamfokea: "Wewe wa jineri! Kamba haivutwagi kwa macho!" Marehemu hakusikia. Alikuwa ameona kitu. Kundi moja likienda haraka kuliko jingine, wavu unapinda na samaki wanatoka pembeni. Wakienda sawa, wakiacha nafasi sawa, mlango unafungwa wenyewe, hata kama hakuna mwenye nguvu kati yao.

Gunia lilitoka. Ndani ya kiatu cha kushoto cha Marehemu alikuwemo furu, mzima, anapiga mkia. Viatu vilipokauka vilisinyaa vikabana vidole, na msimu ule Jineri Stars walicheza wakichechemea. Jilala yeye alipata faida: aliyekata lile boya alikuwa na binti, na kwa kwenda na kurudi kulalamika, kipa akaoa Kibara.

Juma lililofuata Marehemu alinunua kamba ya katani, akaifunga mafundo kumi, kila fundo hatua nane kutoka jingine. Akawapa wachezaji kumi wa ndani, kila mmoja ashike fundo lake kwa mkono mmoja, kisha akawaamuru wakimbie uwanja mzima: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kamba ikilegea, mtu amelala. Ikikazana mno, mtu amejifanya shujaa. Watu wa Bunda walikuja kucheka. Baada ya mwezi walikuja kutazama. Alistaafu kucheza mwaka 1984, akahudhuria kozi ya ukocha Mwanza mwaka 1986, na kwa miaka tisa, tangu alipostaafu, aliifundisha Jineri Stars. Mara mbili ilishika nafasi ya pili mkoani. Kombe halikuja.

Ndipo mambo yakageuka nchi nzima. Wanunuzi binafsi wakaingia kwenye pamba, jineri ikapunguza watu, na tarehe 30 Novemba 1993 Marehemu alirudisha funguo za nyumba ya kampuni aliyokaa miaka kumi na saba. Timu ilikufa siku hiyohiyo. Goli moja liling'olewa likawa nguzo za banda la nguruwe. Shamba la Kiriba lilikuwa limeshagawanywa kati ya ndugu waliobaki nyumbani, na yeye mwenyewe alikuwa ametia sahihi, akiamini ana kwake. Kumbe hakuwa na mahali pa kupigilia msumari wa kutundika shati. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mke, watoto wanne, na kamba.

Jilala alimwita Kibara, akampa chumba kimoja na sehemu ya ukumbi. Marehemu akaanza kufundisha wavuvi. Timu ilikuwa na nguvu za kutisha, mikono ya kupiga makasia, mapafu ya kupiga mbizi, na kasoro moja: mpira ukikaribia goli wote walikimbilia hapo, kushoto na kulia, kama kokoro linapofika mchangani. Aliwaambia, "Jamani, samaki huyu ana miguu!" Akatoa kamba.

Mwaka 1995 aliomba kiwanja katika mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, Mzee Wanzagi, ambaye yuko nasi hapa, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameona wageni wengi wakija na sangara na kuondoka na sangara.

"Kocha," alisema, "ardhi ya hapa hatumpi mtu wa msimu. Ulilete kwanza hilo kombe la mkoa. Ukilileta, tutakupa kiwanja jirani na goli. Ukishindwa, wa Kiriba arudi Kiriba."

Mkutano ukaangua kicheko, kwa sababu kombe hilo lilikuwa halijawahi kuvuka Bunda kuja ziwani. Hapo akainuka Mama Florian, yaani Boke, mke wa Marehemu, akiwa na mtoto mgongoni.

"Mnacheka. Vizuri. Katibu, andika hayo maneno kwenye muhtasari."

"Mama, ulikuwa utani," alisema Mwenyekiti.

"Kwetu Buswahili, mtu akitaja ng'ombe mbele ya watu, hata kwa utani, ng'ombe anahesabika. Andika."

Katibu akaandika. Kuanzia siku hiyo kila mtu Kibara alijua Kocha anacheza kwa ajili ya nini: nyumba.

Msimu wa 1996 timu ya Kibara ilishinda, ikashinda tena, na mwezi Septemba ilikuwa imefika fainali dhidi ya timu ya mjini Musoma. Kisha barua ikaja na tarehe: Jumamosi, 12 Oktoba. Marehemu alisoma, akahesabu kwa vidole, akakaa chini. Lilikuwa giza lenyewe, wiki ambayo dagaa wanajaa na hakuna mwenye mtumbwi anayemruhusu mtu kubaki nchi kavu. Alisafiri hadi Musoma kuomba tarehe isogezwe. Aliambiwa kwa upole kwamba ligi ya mkoa haipangwi kwa kuangalia mwezi.

Akaenda kwa Mzee Masatu, mwenye mitumbwi ambayo wachezaji saba walifanyia kazi.

"Mzee wangu, niachie vijana Ijumaa moja tu."

"Kocha, nakuheshimu. Lakini mechi haikaangwi. Hao saba wakibaki, mitumbwi mitatu inalala mchangani, na nyumba kumi na mbili zinakula ugali na chumvi wiki nzima. Utawaeleza wewe?"

Marehemu hakulazimisha. Hili tunaomba likumbukwe: alikuwa mtu asiye na nyumba, na hakumtaka mtu mwingine akose mboga ili yeye apate nyumba. Alirudi akawaambia wachezaji, "Nendeni ziwani. Mtakaporudi alfajiri, mimi nitakuwa mchangani. Mwenye nguvu tutaenda naye."

Alfajiri ya Jumamosi mitumbwi ilirudi imejaa. Wote saba walishuka. Hakuna aliyekwenda kulala. Naye Mzee Masatu, aliyekuwa amesimama hapo na kikombe cha chai, alitazama macho yao mekundu, akamwambia dereva wake, "Lori linapeleka dagaa Musoma. Wapandishe juu ya magunia. Na mimi napanda mbele." Safari ilipitia Bunda, barabara ikiwa na mashimo ya kuzika punda, na walifika Musoma saa nane, nusu saa kabla ya wakati, wamejaa magamba, wananuka ziwa zima.

Uwanja ulikuwa umefurika. Watani wa mjini hawakuwaonea huruma. "Dagaa wameletwa kuanikwa!" "Leteni chumvi!" "Refa, wapime kilo kwanza!" Na kwa dakika arobaini na tano mjini walistahili kucheka. Kibara walicheza kama watu waliomo ndotoni. Ile kasoro ya zamani ilirudi: wote walilifuata goli, kamba haikuwepo, pembeni palikuwa uwazi wa kupitisha gari. Mapumziko yalifika wakiwa nyuma bao moja, na ilikuwa bahati hayakuwa manne.

Jilala, msaidizi wake, alisubiri hotuba. Marehemu aliwapeleka wachezaji kwenye kivuli cha lori, akawatazama mmoja mmoja.

"Laleni."

"Kocha?"

"Nimesema laleni. Ziwani mnalalaga vipi?"

Wakaelewa. Mvuvi wa karabai hulala vipande vipande, dakika kumi hapa wakati taa inakusanya samaki, dakika kumi pale, na anaamka akiwa mzima. Walijitupa chini, jezi usoni, na kabla maji hayajagawiwa walikuwa wanakoroma. Watazamaji walikaribia kufa kwa kicheko. Mwamuzi alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Marehemu alikuwa amesimama mbele yao na saa mkononi, kidole mdomoni, anawanyamazisha watu elfu mbili!

Dakika kumi zilipotimia alipiga kofi moja. Waliinuka.

Jamani, kipindi kile cha pili! Kila aliyekuwepo ana cha kwake cha kusimulia, na leo vyote viko sahihi. Marehemu alitembea pembeni ya mstari akiita neno moja tu, "Kamba! Kamba!" na kamba ikaonekana, ingawa mikono yao ilikuwa mitupu: watu kumi, hatua nane, hatua nane, wanasogea pamoja kama wamefungwa kiunoni. Mjini walipopita kushoto walikuta mtu. Walipopita kulia walikuta mtu. Dakika ya sitini na tano Matiko, kiungo wa kushoto aliyekuwa mpiga kasia wa Mzee Masatu, alipokea mpira, hakukimbilia goli, akabaki pembeni kwenye nafasi yake, akavuta beki mmoja, akavuta wa pili, akaachia ndani, mwenzake akamalizia: bao moja kwa moja! Uwanja ukaacha kuomba chumvi. Dakika ya themanini na nane ilikuwa kona, mpira ukaokolewa, ukamrudia yuleyule Matiko nje ya kumi na nane. Wote tulidhani atagawa. Alipiga. Ulipita kati ya miguu mingi, ukagonga mwamba, ukaingia. Mzee Masatu, ambaye alikuwa hajui sheria hata moja, aliruka uzio akaangukia mbele ya polisi, akamkumbatia polisi.

Mbili kwa moja. Kombe liliingia Kibara Jumapili asubuhi wakati wa misa, na padri akakatisha tangazo la ndoa. Mzee Wanzagi hakusubiri kukumbushwa. Jumatatu alipima mwenyewe kwa miguu kiwanja cha hatua arobaini kwa thelathini, nyuma ya goli la kaskazini, na Katibu akasoma muhtasari kwa sauti. Nyumba iliezekwa Julai 1997. Siku ya kwanza Marehemu alipigilia msumari ukutani, akatundika shati, akalitazama, akalitundua, akalitundika tena. Mama Florian alimwambia, "Baba Florian, utalichana."

Mwezi Novemba 1997, mvua zile kubwa zilipoanza, miguu yake ilivimba. Hospitalini mjini Musoma waligundua kisukari kilichokuwa kimeshagusa figo. Barabara ya Bunda ilikatika mara mbili, na mara zote wachezaji walimvusha kwa mtumbwi hadi penye gari. Februari hakuweza tena kusimama muda mrefu. Alifundisha akiwa amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji, na hakupunguza sauti. Alipolazwa mara ya mwisho, tarehe 21 Aprili, alimwuliza Jilala kila siku hali ya timu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa utu wao. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 6 Mei 1998, saa kumi na moja alfajiri, Mama Florian akiwa amemshika mkono, miezi kumi tu tangu apate mlango wake mwenyewe wa kufunga.

Ndugu zake wa Kiriba waliomba wamzike kwao, karibu na Baba na Mama, na lilikuwa ombi la haki. Walizungumza Alhamisi mchana kutwa. Jioni Mama Florian aliingia ndani, akatoka na nakala ya ule muhtasari wa mkutano wa kijiji, akampa kaka mkubwa wa Marehemu. Kaka akaisoma yote, akaikunja. "Basi," alisema. "Kwake ni hapa."

Marehemu ameacha mke, Boke, watoto wanne, Florian, Marieta, Miriamu na Burito, mjukuu mmoja, kaka wawili, dada wawili, baba mkwe, Mzee Mniko, ambaye amesafiri kutoka Buswahili akiwa na miaka themanini na minne, pamoja na wachezaji wa Kibara, ambao Jumamosi ijayo wana mechi Bunda na watakwenda. Bwana aliyempa macho ya kuwaona wote ampokee, na ampe pumziko alilostahili.

Kaburi lake liko ndani ya kiwanja chake, upande wa mashariki wa nyumba.